Dawa ya Matairi

Kopo lenyewe lilikuwa la rangi ya kupaka nyumba, na tangu nipate akili sikuwahi kuliona likioshwa. Baba alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa gereji. Kila oili chafu ilipomwagwa kutoka kwenye injini ya mtu, kikombe kimoja kiliingia humo, kikafuatwa na sabuni ya unga na tone la mafuta ya taa. Juu yake walielea nzi, nywele na vipisi vya sigara. Brashi iliyokaa ndani yake ilikuwa imenyonyoka mpaka ikabaki na manyoya machache yaliyogandana kama mkia wa panya aliyetolewa mtaroni.

Hiyo ndiyo Baba aliyoiita dawa ya matairi. Hakuna gari lililotoka gerejini kwake bila kupakwa. Alichuchumaa akapaka tairi, akapaka rimu, akaingiza brashi mpaka kwenye matundu ya rimu, kisha akasimama mbali kidogo akilitazama gari kama mama anayemtazama mtoto aliyevishwa nguo mpya.

"Mteja haoni injini, mwanangu," alipenda kuniambia. "Mteja anaona viatu."

Na ni kweli wateja walivipenda hivyo viatu vyeusi. Mimi peke yangu ndiye niliyeona kichefuchefu. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya uhandisi wa mitambo, nikisaidia gerejini wakati nangoja majibu ya maombi ya kazi, na niliamini kwamba uchafu wowote duniani unaondoka mradi ujue ulikotoka. Kila asubuhi nilifagia. Kila jioni sakafu ilirudi kuwa nyeusi.

Siku Shangazi alipolirudisha gari lake kwa mara ya tatu, Baba alikuwa amechuchumaa hivyo hivyo, akilipaka dawa gari la mtu mwingine. Shangazi alizima injini, akashuka na mkate mkononi. Yeye ni dada mdogo wa Baba, mjane, ana tanuri la mikate nyuma ya nyumba yake, na gari lile aliloachiwa na marehemu mumewe ndilo linalopeleka mikate madukani kabla watu hawajaamka. Hakuja kwetu hata siku moja bila mkate.

"Kaka, limeanza tena."

Baba hakuinua kichwa. "Likiwa linakwenda au likiwa linasimama?"

"Nikipunguza mwendo. Nikigusa breki tu, usukani unatetemeka mikononi kama nimeshika kuku anayejua anachinjwa."

"Basi ni mguu," akasema Baba. "Una mguu mzito, dada. Breki haikanyagwi kama unakanyaga nyoka."

Kesho akacheka. Kesho ni fundi wa pili wa Baba, na jina hilo amelipata kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila mteja. Lakini kicheko kilichonikera kilitoka ndani ya gari la Shangazi. Mlango wa abiria ulifunguliwa, akashuka shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, taratibu, tumbo likitangulia.

"Umesikia mwenyewe, shemeji," akamwambia Shangazi. "Sikusema mimi. Kasema fundi, tena kaka yako wa tumbo moja."

Ufunguo wa akiba wa gari la Shangazi alikuwa nao yeye tangu siku ya msiba. Aliuingiza sikioni, akauzungusha, akautoa, akaitazama ncha yake kwa makini, kisha akaufuta kwenye suruali. Nilitamani kugeuza uso lakini macho yaligoma.

"Ndugu yangu aliliacha gari zima," akaendelea. "Sasa linakwenda likitetemeka kama lina homa. Wazee wa ukoo walisema hivi: likae kwa mjane maadamu anaweza kuliendesha. Mimi nasema hawezi. Jumamosi nakuja nao hapa. Fundi atatuambia mbele yao kama ni gari au ni mguu. Kama ni mguu, ule ufunguo ulio mkononi mwake nao nauchukua."

"Na mikate yangu nitaibeba kichwani?" Shangazi akauliza.

"Utapata mtu wa kukupelekea. Hata mimi naweza, tukielewana."

Nilimtazama Baba. Alijifuta kiganja kwenye ndevu, nazo zikabaki na mstari mweusi. "Tutaliangalia," akasema, akarudi kwenye tairi. Gari alilokuwa akilipaka lilikuwa la huyo huyo shemeji. Alikuwa ameliacha asubuhi libadilishwe oili, akaamua kupanda na Shangazi ili amchunguze anavyoendesha. Sasa aliingia kwenye lake, akachungulia nje kuvitazama viatu vyake vinavyong'aa.

"Hapo sawa," akasema, akaondoka.

Baba akaunyofoa mkate aliouletewa. Vidole vyake viliacha alama nyeusi kwenye nyama nyeupe ya mkate, naye akazila pamoja na mkate wenyewe.

Nilimwomba Shangazi twende wote barabarani. Nilitaka kuhisi mwenyewe kabla ya kugusa spana. Tulishika njia ya mteremko, ile inayoishia kwenye makutano, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa anaendesha peku. Viatu vyake vilikuwa vimewekwa chini ya kiti, kimoja juu ya kingine.

"Shangazi, viatu?"

"Navua ili mguu uwe mwepesi." Hakuniangalia. "Si wanasema ni mzito."

Nilitazama mguu wake ukishuka juu ya pedali. Ulishuka pole pole, kama mkono wake unavyoukandamiza unga uliokwisha kuumuka. Na bado usukani ukaanza kucheza, kushoto kulia, kushoto kulia, na kadiri gari lilivyopunguza mwendo ndivyo mtetemo ulivyokuwa wa pole na mzito zaidi, mpaka kreti za mikate nyuma zikawa zinagongana.

"Ona," akasema, akiwa ameng'ang'ania usukani. "Mwenye duka la pale chini ameniambia nisiegeshe mbele ya mlango wake, eti nitamgonga mtu. Nimekuwa nikiomba radhi kila ninapokanyaga breki, mwanangu. Naomba radhi mpaka kwa kuku."

Tukabadilishana viti. Mimi nilivaa buti zangu za kazi, na gari likatetemeka vile vile. Niliachia breki, nikaliacha lishuke kwa gia, likatulia tuli kama limelala. Hapo nilijua mambo mawili. Matairi hayakuwa na kosa, maana tairi lisilosawazishwa hutetemeka hata usipogusa breki. Na ugonjwa ulikuwa mbele, maana ulikuja kupitia usukani na si kupitia kiti.

"Si mguu wako," nikamwambia.

"Usinifariji."

"Sikufariji. Mguu wangu nao umefanya hivyo hivyo. Ni gari, na leo nitajua ni nini."

Akavaa kiatu kimoja, akasita, akakivua tena. "Nikiona ndiyo nitavaa," akasema.

Gerejini nililipandisha gari juu ya jeki, nikaliwekea mawe, nikafungua gurudumu la mbele. Kesho akaja kusimama nyuma yangu na sigara yake.

"Injinia, diski hizo za breki tumebadilisha juzi juzi tu. Na pedi tumebadilisha. Mara mbili! Labda gari lenyewe linamchukia mama wa watu."

"Zima sigara, Kesho. Kuna petroli hapa."

"Kesho nitazima," akasema, lakini akaizima, na kipisi akakitupa kwenye kopo la Baba.

Nilitafuta kosa pale ambapo mtu yeyote aliyesoma angelitafuta. Nilifunga waya mgumu kwenye chuma kilicho karibu, nikausogeza mpaka ncha yake ikaribie kugusa diski, nikaizungusha diski kwa mkono. Kama ingekuwa imepinda, ingeugusa waya upande mmoja na kuuacha mwanya upande mwingine. Haikuwa imepinda. Nilikagua kalipa, lile koleo la chuma linalozibana pedi kwenye diski, likawa linacheza vizuri. Beringi haikuwa na mchezo. Nati zilikuwa zimekazwa sawasawa. Nikakaa chini kwenye sakafu yangu niliyoifagia bure, nikatazama tu.

Diski ya breki inatakiwa ing'ae kama sufuria iliyosuguliwa. Hii ilikuwa na mabaka. Sehemu moja iling'aa, sehemu nyingine ilikuwa na gamba la hudhurungi, gumu, limeungua kama ukoko. Nikalipitishia kidole, nikakinusa. Kisha nikaligeuza lile gurudumu nililolifungua, nikaona upande wake wa ndani, ule usioonekana na mteja. Michirizi myeusi ilikuwa imetiririka kutoka kwenye kila tundu la rimu, imeganda, imebeba vumbi na nywele. Mmoja ulikuwa na bawa zima la nzi.

Sikuhitaji kunusa mara ya pili. Nililijua lile kopo.

Kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani. Baba alikuwa na utaratibu asiouvunja: kwanza gari litengenezwe, halafu lijaribiwe barabarani, halafu lipakwe dawa, halafu mteja aitwe. Mara zote gari la Shangazi lilijaribiwa likawa zima, kwa sababu lilijaribiwa kabla ya kupakwa. Lilipopakwa, dawa ilipita kwenye matundu, ikadondokea diski, ikanyonywa na pedi. Shangazi akashuka mteremko, diski ikapata moto, oili ikaungua ikawa magamba. Pedi zikawa zinateleza hapa na kunata pale, kila mzunguko. Ndiyo hiyo homa. Sisi wenyewe tuliitibu kwa mkono mmoja na kuirudisha kwa mkono mwingine.

Nikatazama juu. Kesho hakuwa anacheka tena.

"Kuchamba kwingi huondoka na mavi," akasema polepole.

"Ulijua?"

Akajikuna kisogo. "Mimi nilimwambia baba yako. Alikuja dereva mmoja wa teksi, breki zake zinatetemeka hivi hivi, kelele mpaka barabarani. Nikazisafisha diski zake, nikamwekea pedi mpya, nikalitoa gari mzee hayupo, bila kupaka. Halikurudi tena. Nikamwambia mzee, bosi, dawa yako hii inaingia kwenye breki. Akaniambia nifunge bakuli langu."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Kabla shangazi yako hajaanza kuja na malalamiko."

Kuna uchafu unaoutazama kwa macho tu na kuna uchafu unaoingia mdomoni. Huu uliingia. Nilisimama, nikaenda kunawa mikono, nikanawa tena, na bado nilikuwa nahisi utando.

Baba alikuwa nyuma ya gereji, kwenye benchi lililo kando ya mtaro, anakunywa chai. Maji ya mtaro ule hayatiririki. Yamefunikwa na ngozi ya mafuta yenye rangi za upinde wa mvua, na siku hiyo paka alikuwa ameingia humo akatoka nusu mweusi, akawa anajilamba. Kikombe cha Baba nacho kilikuwa na rangi zile zile juu ya chai. Alikipuliza, rangi zikasogea, akanywa.

"Nimeliona kosa," nikasema.

"Mguu."

"Dawa."

Hakuuliza dawa gani. Mpaka wakati ule nilikuwa na tumaini kwamba Kesho anasema uongo.

"Punguza sauti," akasema.

"Baba, ulijua wakati unamwambia mguu wake ni mzito?"

"Nilisema kwa utani. Kaka hamtanii dada yake?"

"Yule mtu hatanii. Anataka ufunguo. Anaendesha peku, Baba. Dada yako anavua viatu ili mguu wake uwe mwepesi."

Akakitazama kikombe. "Miaka yote hii napaka magari ya watu. Wakisikia viatu vya mzee vinaharibu breki, nani ataleta gari hapa? Utakula nini? Kesho atakula nini?" Akainua macho, na akasema kwa upole, kama anayenifundisha kazi: "Dada yangu atanisamehe, mwanangu. Mteja hasamehi."

Alikuwa amenimiminia chai na mimi. Niliimwaga kando ya benchi, sikuweza hata kukishika kikombe.

"Ndiyo maana ukamchagua yeye abebe lawama," nikasema. "Kwa sababu atasamehe."

Paka aliendelea kujilamba.

"Gari nitalitengeneza leo," nikasema. "Lakini maneno utayasema wewe, mbele ya wale wazee. Mimi sitakusemea. Usiposema, nitajua baba yangu ni mtu gani."

Nilifungua na gurudumu la pili. Pedi zilizokwisha kulewa oili hazioshwi zikapona, hizo nilizitupa nikaweka mpya. Diski nilizisugua kwa msasa mpaka magamba yote yakatoka, nikazifuta kwa petroli na tambara safi, nikabadilisha tambara, nikafuta tena, mpaka tambara likarudi jeupe. Rimu niliziosha ndani na nje kwa maji ya moto na sabuni. Maji yaliyotoka yalikuwa mazito, na nilifanya kazi nimeziba pumzi. Kesho, bila kuombwa, akachukua brashi nyingine akasugua upande wa pili.

Kisha tukashuka mteremko na Shangazi, yeye kwenye usukani. Nilimwambia akanyage taratibu mara kadhaa kwanza, pedi na diski zizoeane, halafu akanyage anavyotaka. Akakanyaga. Gari likapunguza mwendo kimya kimya, usukani umetulia, kreti zimetulia, mpaka likasimama mbele ya lile duka. Shangazi alibaki ameushika usukani kama anayesubiri kofi.

"Limesimama?" akauliza.

"Limesimama."

Akainama, akavuta viatu vyake, akavaa vyote viwili. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na akanicheka.

Nilimweleza kilichokuwa kinaharibu breki. Sikumweleza nani alijua. Hilo nilikuwa nimemwachia Baba mwenyewe.

Jumamosi shemeji alikuja na wazee wawili wa ukoo wao, amewapakia kwenye gari lake, viatu vyeusi vinang'aa. Gari la Shangazi lilikuwa limesimama uani na matairi yake ya kijivu, yamepauka, masafi.

"Mbona hili halijapakwa?" akauliza shemeji. "Linaonekana kama la maskini."

Wazee walipanda na Shangazi, wakaenda mpaka makutano, wakarudi. Mmoja, aliyekuwa mwembamba na mwenye fimbo, alishuka akatikisa kichwa. "Mimi sikuona kitu. Nimekaribia kusinzia."

"Leo," akasema shemeji. "Leo, mzee wangu. Na wiki ijayo? Limetengenezwa mara ngapi likarudi? Gari linatengenezwa, mguu je, umetengenezwa?" Ufunguo ukaingia sikioni, ukatoka. "Fundi yupo hapa. Alishasema mbele yangu. Haya fundi, rudia. Ni gari au ni mguu?"

Wote wakamgeukia Baba. Alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma ya bega lake niliona msumari na kopo limening'inia. Mikono yake ilikuwa inatafuta pa kujifutia. Shangazi alimtazama kwa imani kabisa, na imani ile ilikuwa ngumu kuitazama kuliko mtaro.

Baba alikohoa. "Shemeji," akasema, "la kwako halitetemeki?"

"La kwangu? La kwangu halina neno."

"Tangu nilipolipaka dawa. Ukikanyaga breki mteremkoni."

"Nimekwambia halina neno!"

Mzee mwembamba akapiga fimbo chini. "Ee, kumbe! Mimi nilidhani ni uzee! Tulipokuwa tunateremka kuja hapa meno yamegongana mpaka nikayashika."

"Hata mimi," akasema mwenzake. "Nikanyamaza, nikasema pengine ndiyo magari ya siku hizi."

Kesho akaguna kwa kicheko, akageukia ukuta. Shemeji aliiva uso. Mtu aliyezunguka ukoo mzima akitangaza mguu wa mjane hakuweza kusema kwamba usukani wake unacheza, kwa hiyo alikuwa ameushika kwa nguvu na kukaa kimya.

"Si mguu wa mtu," akasema Baba. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyeikosa. "Ni dawa yangu. Inapita kwenye rimu inaingia kwenye breki. Mguu wa dada yangu hauna kosa na haujawahi kuwa na kosa."

"Ulijua, kaka?" Shangazi akauliza.

Baba angeweza kusema hapana. Kesho asingemsuta, na mimi, sijui.

"Nilijua."

Kisha mzee mwembamba akanyoosha kiganja chake kwa shemeji na kukiacha hapo, hakukirudisha, mpaka ule ufunguo wa akiba ukawekwa juu yake. Akautazama, akakunja pua, akampa Shangazi. Shangazi aliupokea kwa ncha ya tambara, akautumbukiza kwenye kikombe changu cha petroli, akautikisa kama anayesuuza jino bandia.

"Na mimi je?" akasema shemeji. "Nitarudije nyumbani na gari la namna hii?"

"Taratibu," akasema mzee. "Na vua viatu."

Walipoondoka, Baba aliliondoa kopo kwenye msumari. Alikwenda nalo mpaka mtaroni, akasimama, akautazama mtaro, akarudi nalo. Akalifunga kwa mfuko wa plastiki na kamba na kuliweka pembeni. Sikumsifu. Nilikuwa bado namwona akisema dada atanisamehe, kwa sauti ile ya upole.

Shangazi aliingia kwenye gari lake, viatu miguuni, akawasha injini. Baba alisogea dirishani, akaweka mkono wake mweusi juu ya mlango. Shangazi aliutazama ule mkono mpaka Baba akauondoa.

Kisha Shangazi akageukia kiti cha nyuma, akatoa mkate. Baba akanyoosha mikono yote miwili. Lakini Shangazi aliupitisha mkate kando yake, akanipa mimi.

"Mpe," akasema. "Akishanawa."

Gari likaenda mpaka getini, likapunguza mwendo kwa ajili ya baiskeli iliyokuwa inapita, likatulia, likaingia barabarani. Baba alibaki anatazama njia. Kisha akaenda kwenye karai, akachota sabuni na mchanga, akaanza kusugua. Maji ya kwanza yalitoka meusi, na ya pili pia. Nikauweka mkate juu ya tambara safi, mbali naye, nikaenda kumshikia jagi.